Mradi Upi Uingie Darasani Muhula Huu? Ulinganisho wa Miradi Mitano ya Ubunifu kwa Shule ya Msingi

Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kuingiza mradi mmoja wa ubunifu katika muhula kwa kawaida hakosi mawazo. Anachokosa ni kigezo cha kuchagulia. Kuotesha mbegu, gazeti la ukutani, igizo la vikaragosi, ramani na mfano wa majengo ya shule, pamoja na kumbukumbu za hali ya hewa, ni miradi inayosifiwa yote, na kila mmoja una picha yake nzuri ya siku ya maonyesho, wazazi wakiwa wamesimama mbele ya kazi za watoto wao. Picha hiyo ndiyo inayoharibu uchaguzi, kwa kuwa inaonyesha wiki ya mwisho peke yake. Ulinganisho huu unaanzia wiki ya tano, wakati msisimko wa mwanzo umekwisha kupoa na maonyesho bado yako mbali, na unauliza jambo moja juu ya kila mradi: katika kipindi cha kawaida cha wiki hiyo, kila mtoto darasani ana kazi gani mkononi?

Swali hilo lina mizizi katika fikra mbili za siku nyingi kuhusu ufundishaji. Mwaka 1918 Mmarekani William Heard Kilpatrick alichapisha makala iliyoupa mradi nafasi kubwa katika elimu, akisisitiza kwamba kazi haiwi mradi mpaka mtoto awe amelikubali kusudi lake kwa moyo wote. Kufuata maelekezo ya mwalimu hatua kwa hatua mpaka kitu kikamilike hakutoshi. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake, wakifanya kazi katika shule za Austin, Texas, zilizokuwa zimeanza kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali, walibuni mbinu ya kuligawa somo vipande, kila mtoto akabebeshwa kipande chake ili awafundishe wenzake wa kikundi, kiasi kwamba hakuna awezaye kulimaliza somo bila kumsikiliza mwenziwe. Kwa Kilpatrick tunapata kigezo cha kusudi, na kwa Aronson kigezo cha sehemu ambayo mtu mwingine hawezi kuiziba. Mradi unaotimiza vyote viwili ndio wa kuanza nao, hata kama maonyesho yake ni ya kawaida tu.

Kazi iliyo mkononi mwa kila mtoto

Gazeti la ukutani linaongoza hapa kwa mbali. Darasa la watoto 40 linagawanyika katika madawati manane ya habari yenye watoto watano watano: mahojiano, michezo, mazingira ya shule, hadithi fupi, mafumbo ya hesabu, michoro, vitabu vilivyosomwa, na matangazo. Kila mtoto anawajibika kwa habari moja yenye jina lake chini, na pengo la asiyeandika linaonekana wazi kwenye karatasi ya manila. Kazi haikatiki katikati ya muhula, maana toleo moja likibandikwa jingine linaanza kupangwa, na waliokuwa dawati la michezo wanahamia kwenye mahojiano. Ipo pia kazi ambayo haionekani ukutani, nayo ni ya kusahihishana. Mtoto wa darasa la nne au la tano akienda kumhoji mtunza maktaba wa shule, mara nyingi anarudi na majibu ya neno moja moja, kwa sababu aliuliza, "Je, unaipenda kazi yako?" Mwenzake akiisoma rasimu hiyo na kumwuliza anataka kujua nini hasa, maswali yanabadilika: kitabu gani kinaazimwa kuliko vyote, kinachorudishwa kimechanika hufanywaje, nani aliwahi kurudisha kitabu baada ya mwaka mzima. Mahojiano ya mara ya pili ndiyo yanayoleta habari, na tofauti kati ya rasimu hizo mbili ni somo la uandishi ambalo ni vigumu kulitoa ubaoni.

Mfaransa Célestin Freinet aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1924, akiwa mwalimu katika kijiji cha Bar-sur-Loup, alileta darasani mashine ndogo ya kuchapia; watoto waliandika habari zao wenyewe, wakazijadili, wakapanga herufi kwa mikono yao na kuzichapa, na baadaye wakawa wanapelekeana kazi hizo na watoto wa shule nyingine. Nguvu ya mpango huo ilikuwa katika kuwapo kwa msomaji wa kweli. Mtoto anayejua kwamba atasomwa na mtu asiyemfahamu huanza mwenyewe kuitilia shaka sentensi isiyoeleweka, na kalamu nyekundu ya mwalimu hupata kupumzika.

Igizo la vikaragosi linavutia kuliko miradi yote mitano, na ndilo linaloficha uvivu kwa urahisi zaidi. Hadithi moja yenye wahusika sita ikichezwa na darasa zima, watoto sita wanasema, wanne wanashika pazia, na 30 waliobaki wanakuwa watazamaji wa mazoezi yaleyale kwa wiki tano. Kuongeza wahusika wa kusema "Ndiyo, Mfalme" na kuondoka hakulitatui tatizo hilo. Kinachosaidia ni kuikata hadithi katika matukio saba au manane, kila kikundi kikamiliki tukio lake kuanzia maneno hadi vikaragosi, na kila kikundi kikatengeneza hata mhusika mkuu wake, ingawa sungura wa tukio la pili hatafanana na sungura wa tukio la tatu. Watazamaji watoto hawasumbuliwi na jambo hilo hata kidogo. Wanaosumbuka ni watu wazima.

Ndani ya aina hii, vikaragosi vya kivuli vina faida ambayo vya soksi na vya kijiti havina. Mtoto mwenye haya, ambaye akisimamishwa mbele ya darasa huishia kutazama miguu yake, hutoa sauti kamili akiwa nyuma ya shuka jeupe, kwa sababu kinachotazamwa ni kivuli. Tena vikundi hugundua vyenyewe kwamba kikaragosi kikisogezwa karibu na taa kivuli chake kinakuwa kikubwa na kingo zake zinafifia, na kikisogezwa karibu na shuka kinapungua na kukolea. Jitu na mtoto mchanga hupatikana kutoka kwenye kipande kimoja cha boksi, na somo la mwanga limekwisha kuingia bila kupiga hodi.

Kuotesha mbegu kuna tatizo la namna nyingine: siku ya kwanza kila mkono una tope, na siku ya tatu hakuna la kufanya ila kungoja. Darasa likiwa na tuta moja tu, mtoto anamwagilia zamu yake mara moja kwa wiki na mchango wake unaishia hapo. Mradi huu huwa hai pale tu kila mtoto, au kila wawili, wanapokuwa na chombo chao na swali lao. Chupa angavu iliyokatwa juu, karatasi laini yenye unyevu ikizungushwa kwa ndani, na mbegu ya haragwe ikibanwa kati ya karatasi na ukuta wa chupa, vinatosha. Siku chache baadaye mzizi unachomoza kabla ya kitu kingine chochote, na chupa ikilazwa ubavu ncha ya mzizi hupinda na kuelekea chini tena. Mtoto aliyechora mzizi ulionyooka Jumatatu na uliopinda Jumatano ana jambo la kueleza. Litakaloliteka darasa zaidi ni jaribio la giza. Watoto wakiombwa watabiri, wengi husema kwamba mche uliofungiwa kabatini utakuwa mfupi. Baada ya wiki moja na nusu au mbili wanaukuta mrefu kuliko wa dirishani, mwembamba, dhaifu na wa rangi ya njano iliyopauka, kwa kuwa umeitumia akiba iliyomo kwenye mbegu kurefuka ukitafuta mwanga. Utabiri uliokosea namna hiyo huzaa mjadala ambao mche wa kawaida kwenye kopo hauwezi kuuzaa.

Ramani na mfano wa shule huanza vizuri na kukwama katikati. Kupima ni kazi nzuri ya watoto watatu watatu: mmoja anashika mwanzo wa futi kamba, mwingine mwisho, na wa tatu anaandika, kisha wanabadilishana. Hesabu inayofuata ina maana machoni pao, kwa sababu ni wao wanaoamua skeli. Chumba cha darasa cha mita 8 kwa 6, kwa skeli ya 1:100, kinakuwa sentimita 8 kwa 6, kidogo mno kwa kuwekea madawati. Kwa 1:20 kinakuwa sentimita 40 kwa 30, dawati la sentimita 60 linakuwa sentimita 3, na mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 10. Kukwama huja wakati wa kujenga, kwa kuwa ubao ni mmoja na mikono ni 80. Suluhisho ni kila kikundi kujenga jengo moja mezani pake kwa skeli iliyokubaliwa, na majengo yote kukutanishwa siku moja juu ya ubao wa pamoja. Hapo kigezo cha Aronson hutimia kwa namna ambayo mwalimu hahitaji kusema neno: kikundi kilichotumia 1:50 wakati wenzao wametumia 1:100 kitaleta ofisi ya mwalimu mkuu inayoizidi kimo maktaba nzima, na kosa litaonwa na kila mtu kabla halijatiwa alama.

Kumbukumbu za hali ya hewa ndizo dhaifu kuliko zote katika kigezo hiki, ikiwa zitaachwa katika sura yake ya kawaida. Kusoma kipimajoto na kipimamvua ni kazi ya watoto watatu na dakika tano. Kwa zamu hiyo, katika darasa la watoto 40, kila mtoto anafikiwa mara moja katika wiki tatu hivi. Hata hivyo kuna kipimo kimoja ambacho kila mtoto anaweza kukitumia kila siku bila kifaa chochote, nacho ni kipimo cha upepo kilichopangwa na Francis Beaufort mwaka 1805, chenye ngazi kuanzia 0 hadi 12. Kwenye 0 moshi hupanda wima. Kwenye 2 majani husikika yakichakacha. Kwenye 4 vumbi na karatasi huinuka na matawi madogo huyumba. Kwenye 6 matawi makubwa husukwasukwa na mwavuli hushikika kwa taabu. Kila mtoto akitazama nje na kuandika namba yake kabla ya kusikia ya mwenzake, darasa linapata namba 40 na ubishi wa haki kati ya wanaosema 3 na wanaosema 4.

Kalenda ya muhula

Tuchukue muhula wa wiki 12. Wiki ya kwanza huliwa na maandalizi na wiki mbili za mwisho huliwa na mitihani na kufunga shule, kwa hiyo mradi unabaki na wiki 9. Vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki vinatoa vipindi 18, yaani saa 12 kwa jumla. Hesabu hiyo inafaa kuandikwa juu ya karatasi kabla ya kuchagua lolote, kwa maana miradi mingi hufa kwa kupangiwa kazi ya saa 20.

Anayefikiria bustani ya mavuno ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu kuliko wote, kwa sababu mmea haufuati ratiba ya shule. Figili hukomaa ndani ya mwezi mmoja hivi. Maharage mafupi yanayovunwa yakiwa mabichi hutaka karibu miezi miwili, kwa hiyo yakipandwa wiki ya pili yanaweza kuwahi, ila hayaachi nafasi ya kurudia mbegu zilizooza. Nyanya zilizoanzia kwenye mbegu huhitaji zaidi ya miezi mitatu, na zitaiva watoto wakiwa likizo. Karoti nazo mara nyingi huzidi siku 70. Mwalimu asiye na mtu wa kumwagilia wakati wa mapumziko atapata zaidi kutoka kwenye chupa za maharagwe, ambazo zinakamilisha hadithi yake kwa wiki tatu, na zikiharibika zinarudiwa bila kuuvuruga muhula. Kuharibika kwake mara nyingi husababishwa na maji mengi: mbegu iliyozama haipati hewa, huoza, na kikundi humwambia mwalimu kwamba mbegu ilikuwa mbovu.

Katika igizo, kinachokula muda ni vichwa vya karatasi na gundi ya unga. Tabaka tatu au nne za vipande vya gazeti juu ya puto hutaka kukauka vizuri, na katika hewa yenye unyevu tabaka moja linaweza kuchukua zaidi ya siku nzima. Anayeharakisha hupata vichwa vilivyobonyea na vyenye ukungu. Ukijumlisha kukausha, kupaka rangi na kuvisha, wiki mbili au tatu zimepita kabla ya neno la kwanza kusemwa. Vikaragosi vya soksi au vya boksi hukamilika kwa kipindi kimoja au viwili, na muda uliookolewa huenda kwenye maneno na sauti, ambako ndiko kwenye mafunzo. Kwa muhula wenye saa 12 sioni sababu ya kuchagua vichwa vya karatasi, isipokuwa pale ambapo somo lenyewe linalolengwa ni sanaa ya ufinyanzi na uundaji.

Hali ya hewa haina haraka lakini haisamehe pengo. Vipimo vianze wiki ya pili na visikatike, na vichukuliwe saa ileile, kipimajoto kikiwa kivulini, mbali na ukuta uliopata jua, kwenye kimo cha kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Grafu huanza kusema kitu baada ya wiki nne hivi. Jumamosi na Jumapili zina mtego wake: maji yanayokutwa kwenye kipimamvua Jumatatu asubuhi ni ya tangu Ijumaa, na mtoto anayeyaandika kama mvua ya Jumatatu anaifanya Jumatatu ionekane siku ya mvua nyingi kuliko zote katika muhula. Darasa linapoligundua hilo lenyewe kwenye grafu, na likakubaliana kuandika "jumla ya siku tatu", limejifunza kitu kuhusu takwimu ambacho hata watu wazima hukisahau.

Gazeti ndilo linalonyumbulika. Matoleo matatu, katika wiki ya nne, ya saba na ya kumi, yanaenea vizuri. Likitokea jambo la kuipunguza ratiba, matoleo mawili bado ni mradi uliokamilika, na hata moja si aibu. Ramani hutaka vipindi 10 hadi 12 vinavyofuatana kwa karibu, kwa sababu vipimo vilivyoachwa wiki mbili husahaulika vilipimwa wapi.

Vifaa na mahali

Hapa tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Karatasi za manila, gundi, maboksi, chupa zilizotumika na mkasi vinatosha kwa miradi yote, na kifaa pekee kisichotengenezeka darasani ni kipimajoto. Kinachopaswa kuulizwa ni nafasi. Ramani hudai meza ambayo haitaguswa na darasa lingine kwa wiki kadhaa, na vikaragosi vya kivuli hudai chumba kinachoweza kutiwa giza. Gazeti linadai ukuta tu.

Kipimamvua kinastahili maneno machache, kwa kuwa hutengenezwa vibaya mara nyingi. Chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka hukatwa sehemu yake ya juu, na sehemu hiyo hugeuzwa na kupachikwa juu chini kama mrija wa kumiminia ili maji yasitoroke kwa kukauka. Kwa kuwa kitako cha chupa hakiko sawasawa, hutiwa kokoto na maji mpaka pale ubavu unapoanza kunyooka, na mstari wa sifuri huchorwa hapo. Mdomo na ubavu vikiwa na upana mmoja, rula ya kawaida inasoma milimita moja kwa moja. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 limepokea lita 500, na darasa la sita linaweza kukaa na hesabu hiyo kipindi kizima likijiuliza maji hayo yalikwenda wapi.

Kinachoweza kupimwa

Alama za mradi huelekea kutolewa kwa uzuri, na uzuri mara nyingi ni kazi ya mzazi. Kwa sababu hiyo ni vyema kupendelea mradi unaoacha ushahidi wa hatua za katikati. Gazeti huacha rasimu ya kwanza na ya pili, zikabanwa pamoja, na mwalimu anasoma umbali kati yake. Mbegu huacha daftari la utabiri na michoro yenye tarehe. Ramani huacha jambo la kipekee: kosa linaloweza kuhesabiwa, kwa kupima tena ukuta uleule na kulinganisha. Hali ya hewa huacha jedwali la pamoja, ambalo ni zuri kwa darasa na baya kwa kumjua mtoto mmoja mmoja, isipokuwa kila mmoja aandike maelezo yake mwenyewe ya grafu hiyohiyo.

Igizo ni gumu kupimwa kwa haki. Kinachosikika siku ya maonyesho ni ujasiri, na ujasiri mtoto anaweza kuwa alikuja nao kutoka nyumbani. Njia iliyo bora kidogo ni kupima maandishi ya tukio, mabadiliko yaliyofanywa baada ya zoezi la kwanza mbele ya kikundi kingine, na uwezo wa mtoto kueleza kwa nini mhusika wake alitenda alivyotenda. Mwalimu ambaye mkuu wake wa shule anadai alama za namba kwa kila mtoto ajiulize mapema kama anataka kubeba mzigo huo.

Umri wa watoto na wingi wao

Darasa la kwanza na la pili halihitaji skeli, kwa sababu watoto bado hawajashika kugawanya. Wanachoweza ni kuweka kikombe, rula na kitabu juu ya karatasi, kuvizungushia penseli, kisha kuviondoa na kuona kwamba kitu kikitazamwa kutoka juu hubaki na umbo tu. Huo ndio mwanzo halali wa ramani, na unatosha. Chupa za maharagwe zinawafaa sana, mradi mchoro uruhusiwe kushika nafasi ya maandishi. Gazeti lao ni la picha na sentensi moja.

Darasa la tatu na la nne ndilo umri wa vikaragosi. Watoto wanasoma vya kutosha kushika maneno, na bado hawajaanza kuona aibu ya kuzungumza kwa sauti ya fisi. Kuanzia darasa la tano kuendelea, gazeti na ramani yenye skeli hupata watoto wanaoweza kuzibeba, na hali ya hewa hupata wahesabu wastani na wachora grafu.

Wingi wa watoto hubadili mpangilio zaidi kuliko umri. Darasa la watoto 20 linaweza kufanya lolote kati ya haya. Darasa la watoto 60 au zaidi lisichague igizo kama mradi mkuu, kwa kuwa vikundi 12 vikifanya mazoezi ya sauti katika chumba kimoja hakuna kitakachosikika, na kutoka nje hutawanya usimamizi. Gazeti hustahimili wingi huo kwa kuongeza madawati, au kwa kuligawa darasa katika bodi mbili zinazotoa matoleo kwa kupokezana. Chupa za mbegu pia hustahimili, watoto wakiwa watatu kwa chupa moja, mmoja akimwagilia, mmoja akipima urefu na mmoja akichora.

Kuchagua kati ya miradi inayokaribiana

Mwalimu wa lugha mara nyingi hubaki kati ya gazeti na igizo. Darasa ambalo watoto wake wanaandika lakini hawasemi lichukue igizo la kivuli, na linalosema sana bila kuandika lichukue gazeti. Kuchagua kinyume chake, kwa kufuata kile ambacho watoto tayari wanakiweza, hutoa maonyesho mazuri na maendeleo madogo. Wakiwa wako katikati, ningeanza na gazeti kwa sababu ya kalenda yake.

Mwalimu wa sayansi hubaki kati ya mbegu na hali ya hewa. Mbegu hufundisha jaribio: badilisha jambo moja, mengine yote yabaki vilevile, tabiri, tazama. Hali ya hewa hufundisha uchunguzi wa kitu kisichoweza kubadilishwa, ambako kinachobaki ni subira na kumbukumbu safi. Kwa madarasa ya chini jaribio lina nguvu zaidi, kwa kuwa jibu huja ndani ya siku chache. Ikiwa muhula unaangukia majira yasiyobadilika, siku zote zikiwa na joto moja na bila mvua, grafu ya hali ya hewa itakuwa mstari mlalo, na hakuna ubunifu wa mwalimu utakaouokoa.

Miradi miwili kwa pamoja inawezekana katika jozi moja tu ninayoweza kuipendekeza bila wasiwasi: gazeti la ukutani likiwa mradi mkuu, na hali ya hewa ikiwa safu yake ya kudumu. Watatu wa zamu wanaleta vipimo, dawati la mafumbo linavigeuza kuwa maswali, na udhaifu wa hali ya hewa wa kuwaacha watoto wengi bila kazi unafunikwa na wingi wa kazi wa gazeti. Jozi ya ramani na igizo huonekana nzuri kwenye mpango wa kazi, lakini yote mawili hudai nafasi, hudai gundi, na hufikia kilele wiki ileile.

Kwa anayeanza kabisa, wiki ya pili ingekuwa hivi: kipindi cha kwanza darasa linaamua jina la gazeti na madawati yake, kila mtoto anaandika swali moja analotaka lijibiwe na mtu fulani shuleni, na maswali yanasomwa kwa sauti ili yenye majibu ya ndiyo au hapana yarekebishwe palepale, kipindi cha pili wanakwenda kuuliza. Rasimu ya kwanza isisahihishwe na mwalimu. Ikabidhiwe kwa mtoto wa dawati jingine, ambaye ataandika chini yake jambo moja ambalo bado hajalielewa, na irudishwe kwa mwenyewe kabla ya Ijumaa.